Daftari la afya libaki kwa nani?

Katika toleo hili naomba nafasi nitoe maoni kuhusu jambo ambalo wengi wetu hulizungumza kwenye foleni ya kituo cha afya, lakini halisikiki sana kwenye vikao. Jambo lenyewe ni namna mashirika ya afya yanavyowaongoza wafanyakazi wake, ambao wametoka nchi mbalimbali na wametawanyika mahali pengi. Kuna atakayesema kwamba hayo ni mambo ya ofisi na hayamhusu mgonjwa. Yanamhusu sana. Dawa inapochelewa, tangazo linapokosewa au muuguzi anaposhindwa kuelewa anachoambiwa na mama, mara nyingi chanzo hakipo kambini. Kipo katika namna watu wa mbali na watu wa karibu wanavyounganishwa.

Mimi ni mhamasishaji wa afya, mkimbizi kama ninyi. Nimefanya kazi chini ya waratibu watano. Wote walikuwa watu wema na wenye bidii. Kila mmoja alipofika alituuliza maswali yale yale: bloku ni ngapi, maji yanatoka wapi, akina mama wanajifungulia wapi, kwa nini watu wa upande ule hawaji kliniki. Tulijibu mara tano. Yule wa tano alishangaa kusikia kwamba majibu hayo tulikwisha kuyatoa, kwa sababu hakuyakuta mahali popote.

Tuangalie kwanza shirika kubwa la afya linavyokaa. Makao makuu yako Ulaya, tuseme Geneva. Ofisi ya kanda inaweza kuwa Nairobi. Ofisi ya nchi iko Bujumbura. Chini yake kuna ofisi ndogo mkoani, halafu kituo cha afya cha kambi, halafu sisi tunaopita nyumba kwa nyumba. Geneva na Nairobi wanaandikiana kwa Kiingereza. Bujumbura wanaandika ripoti kwa Kifaransa. Muuguzi na mwenzake wanazungumza Kirundi. Sisi tunazungumza Kiswahili, na nyumbani Kibembe, Kifuliru au lugha nyingine. Neno la mama mmoja wa Fizi kuhusu mtoto wake linavuka lugha tatu au nne kabla ya kufika kwa mtu mwenye mamlaka ya kuongeza dawa. Na uamuzi wake unarudi kwa njia hiyo hiyo.

Nitoe mfano mmoja. Katika kambi niliyokaa kabla ya kuhamishiwa hapa lilitoka tangazo la chanjo ya watoto. Lilikuwa limeandikwa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa saa huhesabiwa kuanzia saa sita usiku, kwa hiyo saa yetu ya mbili asubuhi kwao ni saa ya nane. Aliyelitafsiri alikuwa mbali na hakukulia katika Kiswahili. Akaandika “saa 8”. Akina mama wakaamka, wakafua, wakapika, wakawaogesha watoto na kufika saa nane mchana kama walivyoambiwa. Timu ilikuwa imekwisha kufunga masanduku yake ya baridi na kuondoka. Katika ripoti ya siku ile iliandikwa kwamba wazazi hawakuitikia wito. Sisi wahamasishaji tuliliona kosa lile siku mbili kabla, tangazo lilipobandikwa. Tukamwambia msimamizi wetu, naye akasema hana ruhusa ya kubadilisha karatasi yenye nembo ya shirika mpaka Bujumbura wajibu. Jibu lilifika baada ya chanjo.

Wengi husikia kisa hiki wakacheka. Mimi naona jambo zito ndani yake. Walioujua ukweli walikuwepo, tena walilipwa posho na shirika hilo hilo. Kilichokosekana ni mamlaka ya kurekebisha herufi moja.

Sasa naomba twende Rumonge, kwa sababu wengi wetu tunaijua. Mwishoni mwa Januari 2018, vita vilipowaka Fizi kati ya jeshi la Kongo na Mai-Mai wa Yakutumba, maelfu ya watu walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na boti za uvuvi. Walishukia Rumonge na Nyanza-Lac. Aliyefika Rumonge usiku ule anakumbuka jambo moja: alijibiwa kwa Kiswahili. Mji ule wa mawese na ndagala, ulio kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, ni wa Waswahili tangu zamani. Mvuvi, mama muuza samaki, muuguzi, hata polisi wa bandarini, wengi wao wanakisema. Mama mgonjwa alieleza tatizo lake, akaeleweka hapo hapo bila mkalimani.

Halafu tukapakiwa magari, tukapelekwa kambini, mbali na ziwa. Huku juu mambo yakawa mengine. Wauguzi wetu ni vijana wa Burundi wenye elimu nzuri, lakini wengi ni wa milimani ambako Kiswahili si cha kila siku. Mama akisema mtoto “anaharisha tangu juzi”, muuguzi anamuuliza mwenzake kwa Kirundi kama ni “guhitwa” na tangu lini. Na Kirundi kina neno moja, “ejo”, kwa jana na kwa kesho. Wenyewe hawachanganyikiwi, kwa kuwa maneno mengine ya sentensi huonyesha maana. Lakini mkalimani wa haraka haraka anaweza kumpoteza mtu siku nzima, na kwa mtoto anayeharisha siku moja ni kubwa.

Najiuliza kwa nini muuguzi aliyezaliwa Rumonge apangiwe kituo ambacho hakuna hata mgonjwa mmoja wa Kiswahili, na yule asiyekijua aletwe hapa. Jibu ninalolijua ni hili: ajira hufanywa mjini, kwa kuangalia diploma, Kifaransa na uzoefu wa miaka kadhaa. Kiswahili hakiulizwi, au kinaulizwa mwishoni kama kitu cha ziada. Naamini kingeulizwa mwanzoni. Kwa kambi yenye wakimbizi wa Kivu ya Kusini, Kiswahili ni kifaa cha kazi kama kipima joto.

Rumonge ina somo lingine, nalo ni la kolera. Naandika “kolera” kwa makusudi. Mabango tunayoletewa husema “kipindupindu”, na bibi mmoja wa bloku yetu aliniuliza kama huo ni ugonjwa mpya. Ugonjwa huo umekuwa ukirudi Burundi tangu 1978, hasa kwenye mwambao wa ziwa. Ulipozuka Rumonge mwaka 1992 ulichunguzwa kwa makini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1997. Yalionyesha kwamba waliooga ziwani na waliokunywa maji yake ndio waliopatwa zaidi. Watu walipozuiwa kwenda ziwani visa vikakoma, na baada ya ziwa kufunguliwa tena vikarudi.

Hayo yamejulikana miaka mingi. Yanajulikana pia na mama wa Rumonge ambaye bomba lake likikauka hubeba ndoo kwenda ziwani, kwa sababu hana pengine pa kwenda. Hata hivyo mwishoni mwa Desemba 2018 kolera ilitangazwa tena katika wilaya ya afya ya Rumonge. Sisemi kwamba ililetwa na uongozi mbaya wa shirika lolote. Ililetwa na maji machafu na umaskini. Ninachouliza ni hiki: kila mlipuko unapotokea na timu mpya zikaja, ni nani kati ya waliopo mezani aliyekuwepo mlipuko uliopita?

Mara nyingi ni muuguzi mzee wa kituo cha serikali, na ni “abaremeshakiyago”, wale wahudumu wa afya wa jamii wanaochaguliwa na watu wa kilima chao. Wao hawahamishwi. Wanajua bomba lipi hukauka mwezi gani, na ni ufukwe upi watu huoga jioni wakitoka kuvua. Wakiitwa kwenye mkutano huwekwa viti vya nyuma, na mkutano unaendeshwa kwa Kifaransa.

Mwaka huo huo wa 2018 ulitokea mtihani mwingine. Kuanzia tarehe 1 Oktoba serikali ya Burundi ilisimamisha kwa miezi mitatu kazi za mashirika ya nje yasiyo ya kiserikali, isipokuwa hospitali na shule. Ilitaka yatii sheria ya Januari 2017, ambayo pamoja na mambo mengine inataka wafanyakazi wa kitaifa wa mashirika hayo wawe asilimia 60 Wahutu na asilimia 40 Watutsi. Mashirika mengi yalikubali kuwasilisha yaliyotakiwa, yakaendelea. Handicap International halikukubali kuwaorodhesha wafanyakazi wake kwa kabila, likafunga shughuli zake nchini. Siasa ya sheria hiyo naiacha kwa wenye nchi, nasi ni wageni wao. Lakini kwa upande wa uongozi nimejifunza kitu. Mkuu wa shirika anaweza kuwa na wafanyakazi wa kila aina na kila nchi, na kazi yote ikasimama kwa barua moja. Siku hiyo aliyeendelea kumpokea mgonjwa ni yule aliyekuwa akiishi hapo hapo.

Haikuwa mara ya mwisho. Mei 2020, siku chache kabla ya uchaguzi, mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani nchini Burundi na wataalamu wenzake watatu waliambiwa waondoke, wakati korona ndiyo kwanza inaingia. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na mashirika mengi yakapunguza watu kwa ghafla. Juni 2025 UNHCR ikatangaza kuondoa nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani. Sababu ni tofauti kabisa, lakini kwa mgonjwa zinafanana: mtu aliyekuwa na funguo, anwani na namba ya siri ya kompyuta ameondoka, na aliyebaki hajui ripoti inapelekwa wapi.

Kuna wakazi wenzetu wanaosema, basi watu wa mbali wasije kabisa, kazi zote tupewe sisi. Sikubaliani nao. Mgeni ana faida yake. Anaweza kukataa ombi ambalo mwenyeji hawezi kulikataa, kwa kuwa hana shemeji wala jirani katika kambi. Anajua yaliyofanyika kambi nyingine. Tena akisema jambo huko juu anasikilizwa, ilhali sisi tumelisema miaka mitatu. (Hilo la mwisho linauma kidogo, lakini ni kweli.) Na sisi wenyewe hatuko safi: kila orodha ya ajira ikibandikwa, watu huhesabu kwanza ni wangapi wa Fizi, wangapi wa Uvira, wangapi wa kabila fulani, kabla hawajauliza kama aliyechaguliwa anaweza kupima joto la mtoto.

Tukumbuke pia yaliyotokea nyumbani Kongo. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, iliua watu zaidi ya 2,200. Wafanyakazi waliletwa kwa wingi kutoka nchi nyingi, wengi kwa mikataba mifupi. Watu wa Beni na Butembo walilalamika kwamba wanahutubiwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha vitabu, si kile wanachokisema wao. Palipokosekana maelezo yanayoeleweka, uvumi ukajaza nafasi. Hasira nazo ziliwaangukia waliokuwa mbele: Aprili 2019 Dokta Richard Mouzoko wa Cameroon, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Kumuua daktari hakuna udhuru wowote. Lakini kiongozi anayewatuma watu mahali ambapo maneno yao hayaeleweki anawaweka hatarini wao pamoja na wagonjwa.

Ebola hiyo hiyo ilitoa fundisho chungu zaidi. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake kuhusu unyonyaji wa kingono. Ilitaja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa wameajiriwa na shirika lenyewe. Wanawake walieleza kwamba waliahidiwa kazi, au kuachwa waendelee na kazi waliyokuwa nayo, kwa sharti la kulala na mwenye cheo. Jambo hili naliweka hapa kwa sababu ni la uongozi. Pale ambapo mtu mmoja anashika orodha ya ajira, mkubwa wake yuko mamia ya kilomita, na dada anayefagia wodi hajui ampigie nani, mlango uko wazi kwa mabaya. Kisanduku cha malalamiko kilichofungwa kwa kufuli, na ufunguo wake uko kwa yule yule anayelalamikiwa, hakisaidii kitu. Dada zetu wanaofanya kazi kwa posho wapewe namba ya mtu aliye nje ya kituo, anayejibu kwa Kiswahili, na ikiwezekana awe mwanamke.

Umbali nao si wa maneno tu. Waliopita barabara ya RN3 kutoka Bujumbura kwenda Rumonge wanajua ilivyobanwa kati ya mlima na ziwa. Maporomoko ya Gitaza mwaka 2015 yaliikata. Katika hali kama hiyo msimamizi wa mjini hawezi kufika, na simu hukosa mtandao. Hata ramani za ofisi hubadilika: mkoa wa Rumonge ulianzishwa mwaka 2015, na mwaka 2025 sehemu yake kubwa ikaingizwa katika mkoa mpya wa Burunga. Shirika linalosubiri kila jambo liamuliwe mjini litakuta mgonjwa amekwisha kuzikwa. Kambini kwetu ni hivyo hivyo wakati wa mvua. Kwa maoni yangu kila kituo kiwe na karatasi moja, iliyosainiwa na wakubwa, inayosema ni mambo gani muuguzi mkuu na wahamasishaji wanaweza kuyaamua siku hiyo hiyo bila kuuliza: kurekebisha tangazo lililokosewa, kuhamisha kituo cha maji ya chumvi na sukari kwenda bloku yenye wagonjwa, kulipia pikipiki ya kumpeleka mzazi hospitalini. Fedha zake si nyingi. Na wakubwa wakague baadaye. Hilo ni haki yao.

Nimalizie na makabidhiano, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Siku hizi mratibu anayeondoka hukabidhi kazi kwa anayekuja ndani ya ofisi, kwa siku mbili au tatu, pengine kwa barua pepe tu kwa kuwa mmoja amekwisha kupanda ndege. Wanakabidhiana magari, kompyuta na bajeti. Sisi hatumo. Ninaomba makabidhiano yafanyike mara mbili. Ya kwanza iwe hiyo ya ofisini. Ya pili iwe mbele ya kamati ya afya, wenyeviti wa bloku, wakunga na wahamasishaji, kwa Kiswahili na Kirundi. Anayeondoka aseme aliahidi nini na hakikutimia. Anayekuja asikie mbele yetu. Yote yaandikwe katika daftari la karatasi, si kwenye kompyuta peke yake, na nakala ikae katika kituo cha afya chini ya muuguzi wa wilaya, nyingine kwa katibu wa kamati. Kumbukumbu za wagonjwa zenye majina zibaki siri kama kawaida. Ninazungumzia daftari la kazi: mabomba, milipuko, ahadi, tarehe.

Nilipolitaja wazo hili kwa mkunga mmoja mwenye umri, alinijibu: “Mwanangu, na wahamasishaji je? Ninyi pia mnaondoka.” Ana haki. Wenzetu kadhaa wamepata nafasi ya kwenda nchi ya tatu, wengine wamerudi Kongo, na walipoondoka bloku zao zilikaa wiki nyingi bila mtu anayejua mama yupi ni mjamzito. Kwa hiyo sharti hilo litubane na sisi. Mhamasishaji anayeondoka apite bloku yake nyumba kwa nyumba na anayemrithi, na posho yake ya mwisho alipwe baada ya hapo.

Kamati ya afya itakutana tena mwezi ujao. Nimemwomba katibu aliweke suala la daftari katika ajenda, naye amekubali, ila ameuliza swali ambalo sikuweza kulijibu peke yangu: nani atalinunua, na litalala wapi wakati wa mvua, maana paa la chumba cha kamati linavuja. Mwenye kabati la chuma au sanduku linalofungwa amwone kabla ya mkutano.